Gloriosa kwenye ua wa ploti: shajara ya mradi, Embakasi, 2023 hadi 2025

Agosti 2023

Kamati ya ploti imekubali. Ule ukanda wa ardhi kati ya ukuta wa mashariki na maegesho, ambao kiangazi ni vumbi na masika ni tope, tumeruhusiwa kuupanda maua. Sharti ni moja tu: bustani isinywe maji ya tangi. Mgao wa maji hapa Embakasi kila mtu anaujua. Bomba likikauka, hakuna mama atakayevumilia kuona mtungi ukimwagiwa maua na watoto hawajaoga.

Sharti hilo ndilo lililonipeleka kwa gloriosa. Nairobi tumezoea bustani za mimea ya ugenini: mjakaranda wa Amerika Kusini, bogonvilia ya Brazili, waridi linalodai maji kila jioni. Gloriosa superba ni mmea wa kwetu. Unaota wenyewe kuanzia mchanga wa Pwani hadi kwenye vichaka vya nyanda za juu, na umeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara na ng'ambo hadi India na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Mvua ikishika, unaamka. Mvua ikikatika, majani yanakauka na uhai wote unarudi ndani ya kiazi chini ya udongo. Mmea uliolelewa na vuli na masika hauna haja na tangi letu.

Watu huuita yungiyungi, na zamani hata wataalamu waliuweka kwenye familia hiyo. Siku hizi uko kwenye familia ya Colchicaceae, pamoja na mmea wa Ulaya ulioipa dunia dawa ya jongo, kolkisini. Hiyo kolkisini iko pia kwenye gloriosa, na itabidi tuizungumze kwenye kikao kabla jembe halijagusa ardhi.

Septemba 2023, mwanzoni

Viazi vya kupanda. Jirani mmoja alipendekeza twende tu msituni na jembe, mbona huko imejaa. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Kwanza, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 hairuhusu mtu kung'oa mmea kwenye msitu wa serikali bila kibali. Pili, kiazi kimoja kikitolewa porini ni mmea mzima umeondoka, pamoja na mbegu zote ambazo ungedondosha miaka ijayo. India imeliona hilo: wachimbaji wa dawa waliiandama gloriosa mpaka maeneo mengine ikawa adimu.

Kwa hiyo nimezunguka vitalu vya kando ya barabara, Ngong Road na Kiambu Road. Wengi wanauza waridi na mitende ya vyungu. Nilipouliza gloriosa, wengine walinionyesha mayungiyungi ya kawaida ya kutoka nje. Mwishowe nimempata muuzaji mzee anayeikuza mwenyewe kwa mbegu, na viazi vyake vilikuwa vimelala kwenye katoni ya mchanga mkavu.

Akanifundisha kuvichagua, na somo hilo nataka liandikwe hapa vizuri. Kiazi cha gloriosa ni chembamba kama kidole, rangi ya kahawia hafifu, na kilichokomaa huwa na mikono miwili iliyokutana kama herufi V. Jicho la kuchipua liko kwenye ncha ya mkono, wala si kote kama kiazi cha chipsi. Ncha ikivunjika, mkono huo hauchipui tena, hata uwe umenona vipi. Na huvunjika kirahisi mno. Ukikiacha kidondoke sakafuni umekipoteza. Mzee yule alivishika kila kimoja kwa viganja viwili, akanigeuzia ncha nione kinundu cheupe kidogo kikiwa kizima, ndipo akakifunga kwenye gazeti. Alinipa na mbegu, duara, nyekundu, ndogo kuliko njegere. "Hizi ni za subira, mama," akasema. "Usizingoje mwaka huu."

Septemba 2023, katikati

Kikao cha wapangaji wote. Sikutaka mtu yeyote aje kusema baadaye kwamba hakuambiwa.

Gloriosa ni sumu mwili mzima: jani, shina, ua, mbegu, na zaidi ya yote kiazi. Anayekila anaanza kutapika na kuharisha saa chache baadaye, halafu, hata akionekana kupata nafuu, viungo vya ndani vinaweza kuharibika siku zinazofuata. Kupika hakuiondoi sumu. Sri Lanka kuna watu waliodhani ni kiazi cha kuliwa, wakakichemsha, wakafa. Mbuzi na ng'ombe nao huumia.

Nilitarajia mradi ungezikwa palepale. Mama wa ghorofa ya pili, ambaye ana watoto wadogo, akauliza swali ambalo lilinyoosha kila kitu: "Na ile oleanda ya getini, si nayo ni sumu?" Ni kweli, ni sumu kali, na ipo kwenye nusu ya mageti ya Nairobi bila hata kibao. Tukakubaliana masharti, nami nayaunga mkono yote. Gloriosa haitapandwa karibu na sehemu ya kuchezea. Haitakaribia kabisa matuta ya viazi vitamu ya akina mama walio nyuma ya jengo, kwa sababu hapo ndipo kosa la jikoni linaweza kutokea. Kibao cha SUMU kitawekwa, chenye picha, kwa mtoto ambaye hajajua kusoma. Anayechimba avae glavu, na viazi vyote vihesabiwe kuingia na kutoka ardhini, daftari likae kwa mlinzi.

Septemba 2023, mwishoni

Udongo. Hapa ndipo fedha ilipokwenda.

Upande huu wa Nairobi tumekalia udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ule wa nyanda za Athi. Ukinyeshewa unavimba na kushika maji kama beseni. Ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza kalamu. Watu wa Kabete na Karen wana udongo mwekundu unaopitisha maji, wao wangechimba tu na kupanda. Kiazi cha gloriosa kikikaa kwenye maji kinaoza, na kiazi kilicholala kinaoza haraka zaidi.

Tumejenga tuta lililoinuliwa kando ya ukuta, kimo cha sentimita 40, kuta zake mawe yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo cha mlinzi. Chini kabisa kokoto. Juu yake udongo mwekundu wa lori kutoka Kiambu, ukachanganywa na mchanga wa mto na samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikaacha kunuka. Samadi mbichi ingeunguza viazi.

Nimeamua kupanda sehemu tatu ili tulinganishe: kwenye tuta, na waya wa kuku umefungwa ukutani kwa ajili ya kupandia, kwenye ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa chini, na kwenye mguu wa ua wa kayaba, kile kichaka cha miiba, nyuma ya maegesho.

Oktoba 2023

Tumepanda mvua ya kwanza iliponyesha. Kiazi hulazwa ubavu, kisisimamishwe, ncha ikielekea pale tunapotaka shina litokee, kina cha kama sentimita 8, na kati ya kimoja na kingine sentimita 30. Mbegu nimezimwaga kwenye trei chini ya ngazi, penye joto.

Novemba 2023

Mvua ya El Niño haina mchezo. Barabara yetu ni mto. Tuta limesimama, maji yanapita kwenye kokoto na kutokea kwenye mtaro kama tulivyopanga.

Machipukizi yametoka, yamechongoka, rangi ya kijani iliyokolea, na yanaenda kwa kasi ya kushangaza. Konokono wameonja mawili matatu usiku. Mlinzi anawaokota kwa tochi kila anapozunguka, na amelichukua jambo hili kama kazi yake rasmi.

Inavyopanda ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Haijisokoti kama maharagwe. Ncha ya kila jani hurefuka ikawa kikono chembamba, na kikono hicho kikigusa kitu hujikunja na kukishika. Kwa hiyo inahitaji kitu chembamba: waya, kijiti, tawi la kichaka. Nguzo nene haiwezi kuizunguka, jani halina mkono wa kutosha. Nimeona moja ikishika jani la mwenziwe, na yule naye akashika la tatu, zote zikaenda chini pamoja hadi fundi wa waya alipozinyoosha.

Desemba 2023

Zimechanua!

Kitumba kinaanza kimeinama, kijani kibichi. Kinapofunguka, petali sita hazitandazwi kama za yungiyungi la dukani. Zinajipindua nyuma na kusimama juu, kingo zake zimejikunja mawimbi kama ndimi za moto. Siku ya kwanza ni kijani na njano. Baadaye wekundu unaanzia kwenye ncha na kushuka, njano inabaki chini na pembeni, na ua likizeeka huwa jekundu lote. Hivyo shina moja lina maua ya rangi tofauti kwa wakati mmoja, kulingana na umri wa kila ua. Stameni sita, zile nyuzi zenye chavua, zimetandazwa kwenda nje pande zote. Na pistili, sehemu ya kike ya ua, hii nilimwita kila aliyepita aione, imekunjwa ubavu karibu pembe mraba, ikaelekezwa mbali na chavua ya ua lake lenyewe. Mdudu au ndege akitua, ana nafasi kubwa ya kuileta chavua ya ua jingine. Vipepeo wanakuja adhuhuri, na asubuhi chozi wawili wamehamia kwenye waya.

Mzee wa nyumba ya kwanza alikuja na fimbo yake, akasimama kwa muda. "Mwanangu, hili si gugu? Sisi tulikuwa tukichunga mbuzi tunawafukuza wasilifikie." Nikamwambia, ndiyo Mzee, ni lile lile, na mlifanya vizuri kuwafukuza. Lakini gugu hilo ndilo ua la taifa la Zimbabwe, na ndilo ua la jimbo la Tamil Nadu huko India. Mwaka 1947 Elizabeth, kabla hajawa malkia, alipozuru Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, alizawadiwa bruchi ya almasi yenye umbo lake. Bruchi hiyo ndiyo aliyovaa Februari 1952 aliposhuka kwenye ndege London akitoka hapa kwetu Kenya, baba yake amefariki na yeye tayari ni malkia. Mzee akacheka, akasema basi wazungu waliona mapema tulichokuwa tunakikanyaga. Tangu siku hiyo analeta wageni wake kuyatazama.

Februari 2024

Majani yameanza kugeuka njano kutoka chini. Ni kawaida, kazi ya msimu inaisha. Ila watu wa usafi walioajiriwa na ploti walipita na fyekeo, wakaona "uchafu" kwenye tuta, wakakata mashina ya upande mmoja yakiwa bado na kijani. Imeniuma. Jani lenye kijani bado linatengeneza chakula, na chakula hicho ndicho kinachojaza kiazi kipya. Kile cha zamani hunyauka kabisa, mmea unakaa kwenye kiazi kilichozaliwa msimu huo. Ukikata mapema umeiba akiba ya mwaka ujao.

Nimezungumza na msimamizi wao kwa utulivu. Sasa tuta lina kamba ya njano na maandishi: MAUA YAMELALA, USIKATE, USICHIMBE. Mtu akitaka bustani ambayo haikauki hata wiki moja, asipande gloriosa. Mimi naona ukavu huo ni haki yake.

Maganda ya mbegu yamepasuka yakaonyesha safu za mbegu nyekundu. Tumeyakata yote kabla watoto hawajayafikia, maana ni kama peremende kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu.

Mei 2024

Nairobi imefurika. Mathare watu wamepoteza jamaa na nyumba, na wiki hizo hakuna aliyeshughulika na maua. Naandika tu yaliyotokea kwenye ua wetu. Maji yalifika maegesho, yakasimama siku kadhaa. Tuta lilinusurika. Ndoo zilinusurika kwa sababu mlinzi alizipandisha kwenye ngazi. Kwenye kayaba, viazi vilivyokuwa upande wa chini vimeoza, vya upande wa juu vimechipua. Udongo mweusi haubembelezwi.

Juni 2024

Hukumu ya sehemu tatu, kwa maoni yangu: kayaba imeshinda kwa uzuri, tuta kwa uhakika, ndoo zinafaa kwa asiye na ardhi.

Kwenye waya wa kuku gloriosa inaonekana kama imefungwa. Kwenye kayaba iko nyumbani: mguu wake uko kivulini penye unyevu, kichwa chake kimetokea juu penye jua, na maua yanaonekana yametawanyika kwenye kijani cha ua kana kwamba kayaba ndiyo imechanua. Miiba nayo inawazuia watoto na mbuzi wa mtaa wa pili kuliko kibao chochote. Kwa hiyo tunajenga tuta dogo kwenye mguu wa kayaba, upande wa chini, ili tupate vyote viwili.

Dada mmoja anayepamba harusi ameomba kununua maua. Ombi si la ajabu, kwani ua hili hudumu muda mrefu kwenye maji. Japani, mkoa wa Kochi unailima kwenye mabanda ya plastiki na kuiuza shina kwa shina, na Uholanzi pia inaikuza. Sisi tulio na Naivasha nzima ya waridi hatujaipa nafasi yetu wenyewe. Tumemuuzia mashina machache, na sharti kwamba yasiguse keki wala meza ya chakula.

Oktoba 2024

Tumefukua tuta kabla ya vuli, kwa glavu na uma wa shamba, taratibu, kutoka pembeni. Pale palipokatwa na fyekeo viazi ni vidogo, vingine havifiki unene wa penseli. Kwingineko vimenona, V safi, na V kubwa hutenganishwa pale mikono inapokutana, kila mkono na jicho lake. Tumeacha jeraha likauke siku chache kabla ya kurudisha ardhini.

Miche ya mbegu inatia moyo. Iliota kwa kujivuta, mmoja leo, mwingine baada ya wiki nyingi, na msimu wa kwanza haikuwa na sura ya gloriosa kabisa, majani machache tu. Kila mmoja umeacha kiazi kama punje ya maharagwe. Maua yake tutayaona msimu wa tatu au zaidi. Muuzaji alisema kweli.

Aprili 2025

Chini ya mparachichi, penye kivuli ambacho gloriosa haikipendi, tumepanda Scadoxus multiflorus, ule wa mpira mwekundu unaochomoza masika ya kwanza. Nao ni wa porini, huota kwenye misitu ya Nairobi, hukaa kwenye tunguu kiangazi kizima, na una sumu ya aina nyingine. Kichwa kimoja kinaweza kubeba vijiua hadi 200 na hakidumu zaidi ya wiki mbili. Ulichanua siku chache baada ya mvua, ukiwa karibu hauna jani. Umejaza pengo la mahali na la wakati: unaisha ndipo gloriosa zinaanza.

Agosti 2025

Maji ya tangi yaliyotumika kwenye tuta tangu mwanzo ni yale ya kuoshea glavu na uma. Nimeliripoti hilo kwenye kikao cha kamati, na mwenyekiti ameliandika.

Kumekuja maombi mawili ya viazi. La kwanza ni la shule ya chekechea ya jirani, waliovutiwa na rangi. Nimewakatalia, na nimewaeleza sababu ana kwa ana; watapewa vipandikizi vya salvia na tagetesi kutoka ndoo zetu. La pili ni la ploti ya ng'ambo ya barabara, yenye ua wa kayaba mrefu kuliko wetu. Hao watapata. Nimeenda kuangalia udongo wao, ni mweusi vilevile, kwa hiyo wanainua tuta kwanza. Viazi vyao viko kwenye katoni ya mchanga mkavu kabatini kwa mlinzi, vimehesabiwa daftarini, na katoni imeandikwa SUMU kwa kalamu nyekundu pande zote nne. Watavichukua tuta likishakaguliwa, na kabla ya hapo wapangaji wao wote wafanye kikao kama chetu.

Kazi iliyobaki kabla ya vuli: kubadilisha kamba ya njano iliyochakaa, kuongeza mchanga upande wa kaskazini wa tuta, na kuhamishia miche ya mbegu kwenye mguu wa kayaba.